Kakai Kilonzo: Gitaa la Ukambani lililoimba kwa Kiswahili

MWAKA wa 1987 Kenya ilimpoteza Kakai Kilonzo, mwimbaji na mpiga gitaa aliyeiongoza bendi ya Les Kilimambogo Brothers. Alikuwa hajafikisha umri wa miaka 34. Miaka yake ya kurekodi ilikuwa kama 12 tu, lakini ilitosha kulifanya jina lake litajwe katika kila soko la Ukambani na mbali nje ya Ukambani.

Siku hizi, watu wanapozungumzia muziki wa miaka ya themanini, aghalabu huanza na picha. Kituo cha MTV kilianza kurusha matangazo yake Marekani mnamo Agosti 1, 1981. Desemba 1983 ikatoka filamu fupi ya wimbo wa Thriller wake Michael Jackson, yenye urefu wa takriban dakika 14, na tangu hapo wimbo ukawa kitu cha kutazamwa na si cha kusikilizwa pekee.

Kwa kijana aliyekulia Mutomo, Zombe, Kibwezi au Nunguni, habari hizo zilifika kama uvumi. Nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, cha Sauti ya Kenya (VoK), na nyumba za kijijini zilizokuwa na umeme zilihesabika. Wengi walimfahamu Michael Jackson kwa picha iliyochapishwa kwenye fulana au gazetini kabla ya kumwona akisakata dansi.

Kakai hakuhitaji kuonekana ili apendwe. Sauti yake ilitoka kwenye redio iliyowekwa dirishani, kwenye gramafoni ya betri iliyoletwa nyumbani wakati wa likizo, na kwenye spika za matatu za Peugeot zilizoelekea sokoni zikiwa zimejaa watu na magunia. Hivyo ndivyo kizazi kizima cha Kitui na Makueni kilivyokua naye.

MTOTO WA HALI YA HATARI

Kakai alizaliwa mwaka wa 1954, miaka miwili baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari. Kenya ilipojinyakulia uhuru mnamo Desemba 12, 1963, alikuwa mtoto wa umri wa kwenda shule. Kizazi chake ndicho cha kwanza kukua na redio ndogo ya transista, ile iliyoweza kubebwa mkononi hadi malishoni.

Mipaka ya leo haikuwapo. Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka wa 1992 ilipopewa wilaya yake. Kitui ilikuwa wilaya jirani, ng'ambo ya Mto Athi, na kaunti tunazozijua sasa zilianza kazi mwaka wa 2013. Ndiyo maana watu wa pande hizi hawaoni ajabu kumwita Kakai mtoto wao. Alipoimba, hapakuwa na Makueni ya kumtenga na Machakos, na mto haukuizuia nyimbo kuingia Kitui.

Ukambani haukuwa mgeni wa muziki. Akina mama wazee walikuwa na ngoma ya kilumi, na vijana walikuwa na michezo ya kuruka na kupinduka hewani ambayo imewapa Wakamba sifa hadi leo. Wimbo ulikuwa pia baraza. Aliyelewa akamtusi mkwewe, aliyemtelekeza mke, aliyejivunia ng'ombe asio nao, wote walijua kwamba siku moja wangejisikia wakiimbwa mbele ya watu.

Gitaa lilikuja baadaye. Wakamba wengi walihudumu katika jeshi la King's African Rifles, na waliorejea kutoka Vita Vikuu vya Pili vya Dunia walirudi na mapenzi ya ala za kigeni, gitaa likiwa mojawapo. Vijana wasio na fedha za kununua walijitengenezea magitaa yao kwa mikebe ya mafuta na nyaya. Gitaa lilipopata mizizi, lilipewa kazi ileile ya wimbo wa zamani: kusifu, kukanya na kuchekesha.

BENDI YENYE JINA LA MLIMA

Katikati ya miaka ya sabini, santuri za kwanza za Kakai na wenzake zilianza kuuzwa. Bendi yao ilichukua jina la Kilimambogo, mlima uitwao pia Ol Donyo Sabuk, wenye kimo cha mita 2,145, unaosimama peke yake kati ya Thika na Machakos na kuonekana kutoka mbali.

Jina hilo linaeleza mengi kuhusu muziki wa wakati ule. Bendi za Ukambani zilipenda kujiita kwa majina ya nyumbani na kujitambulisha kama ndugu au vijana wa mahali fulani. Palikuwa na Kalambya Boys wa Onesmus Musyoki na Joseph Mutaiti, na Kyanganga Boys wa Peter Mwambi. Palikuwa pia na Kalambya Sisters, wasichana wenye sauti nyembamba ambao wimbo wao wa Katelina ulivuma kote nchini. Mtu aliyesimama mbele ya duka la santuri katika barabara ya River Road, Nairobi, angeweza kusoma ramani ya Ukambani kwenye vibandiko vya santuri hizo.

Neno dogo la Kifaransa lililotangulia jina la bendi, Les, lilitoka kwingine. Nairobi ya miaka hiyo ilitawaliwa na wanamuziki kutoka Zaire, kama ilivyoitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wakati huo. Super Mazembe, Les Mangelepa na Baba Gaston walikuwa wakijaza kumbi za jiji. Kuweka neno hilo mbele ya jina la mlima wa nyumbani kulikuwa ni kutangaza kwamba vijana wa Kilimambogo nao walikuwa wanamuziki kamili, wasiostahili kuketi nyuma ya mtu.

Muziki wenyewe ulikuwa benga. Mtindo huu ulianzia kwa Waluo wa Nyanza, ambako wapiga gitaa waliiga vidole vya mpiga nyatiti, na ulienezwa na magwiji kama vile D. O. Misiani wa Shirati Jazz na George Ramogi. Kufikia miaka ya sabini benga ilikuwa imewafikia Wakikuyu, Waluhya na Wakamba, na kila jamii ikaipa lafudhi yake.

Katika benga ya Ukambani, gitaa moja huzunguka bila kukoma, jepesi na laini, huku gitaa la pili likipanda juu na kuyajibu maneno ya mwimbaji. Besi huruka chini yake na ngoma huenda kasi. Santuri ndogo ya wakati huo ilikuwa na pande mbili, na mara nyingi wimbo mmoja ulichukua pande zote. Upande wa kwanza ulibeba kisa, wa pili ukaachiwa magitaa. Msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza santuri, na wakati huo huo mfupi wacheza dansi walipata nafasi ya kupumua.

UAMUZI WA LUGHA

Hapa ndipo Kakai alipojitenga na wengi wa rika lake. Katika Kenya ya miaka hiyo, lugha na mtindo wa muziki vilikuwa vimegawana wateja. Kiswahili kilikuwa lugha ya bendi za dansi za mjini: Maroon Commandos ya wanajeshi, au Les Wanyika, iliyozaliwa mwaka wa 1978 na kuitikisa nchi kwa wimbo wa Sina Makosa. Benga ilikuwa ya lugha za mama. Mluo alinunua santuri ya Kiluo, Mkikuyu ya Kikuyu na Mkamba ya Kikamba.

Kakai aliimba Kikamba, na hakukiacha. Lakini aliongeza Kiswahili, na katika Kiswahili hicho aliweka gitaa lilelile la nyumbani bila kulipunguza makali ili lifanane na rumba ya mjini. Hakuwa wa kwanza kuimba benga kwa Kiswahili wala hakuwa peke yake. Hata hivyo, ni wachache waliofanya hivyo kwa ufanisi wake.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mwanamuziki anayeimba lugha ya mama ana soko dogo lakini la uhakika, na watu wake humwelewa hata anapopitisha fumbo. Anapotoka kwenye lugha hiyo huhatarisha kuambiwa na watu wake kwamba amewakimbia, na kuambiwa na wengine kwamba Kiswahili chake kina harufu ya kijijini. Kakai alikwepa mitego yote miwili kwa kuimba mambo ambayo hayana kabila: ndoa na mahari, wakwe, ulevi, mapenzi yaliyogeuka kero, fedha zisizotosha.

Matokeo yake yalionekana katika vituo vya mabasi, kambi za jeshi na mitaa ya wafanyakazi. Mkamba aliyefanya kazi katika Bandari ya Mombasa au viwanda vya Nairobi aliweza kuicheza santuri ya Kakai katika chumba alichogawana na Mluhya na Mtaita, na wote wakacheka palepale pa kuchekesha. Kwa mtu aliyezoea kusikia kabila lake likitajwa katika mzaha wa wengine, kuliona gitaa la kwao likipendwa na kila mtu lilikuwa jambo la fahari.

SANTURI, REDIO NA MAWE

Namna nyimbo hizo zilivyofika vijijini ni hadithi yenyewe. Ukambani ni nchi kavu, na mvua inayotegemewa zaidi ni ile ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Wanaume wengi walifanya kazi mbali na kurudi nyumbani Desemba. Pamoja na sukari, mafuta ya kupikia na nguo za watoto, walileta santuri mpya. Boma lililokuwa na gramafoni liligeuka ukumbi, na majirani walikuja bila kualikwa.

Siku nyingine zote, kazi ilikuwa ya redio. VoK ilikuwa na vipindi vya Kikamba na idhaa ya taifa ya Kiswahili, na kwa sababu Kakai aliimba lugha zote mbili, sauti yake ilikuwa na milango miwili ya kuingilia. Mawe ya redio, kama betri zilivyoitwa, yalikuwa ghali. Yalipochoka yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo, na watoto walionywa wasiiwashe redio kabla ya saa ya taarifa. Wengi walivunja amri hiyo kwa ajili ya wimbo mmoja.

Katika miji midogo kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, kutoka Sultan Hamud na Emali hadi Makindu na Mtito Andei, muziki ulisikika mchana na usiku kutoka baa na hoteli zilizohudumia madereva wa malori. Humo, benga ya Ukambani ilipokezana na rumba ya Zaire, nyimbo za Jim Reeves na Kenny Rogers, na vibao vipya vya disko kutoka Marekani. Mtoto aliyetumwa dukani angeweza kuvisikia vyote katika matembezi ya dakika kumi.

Kwa hiyo si kweli kwamba vijana hao walifungiwa mbali na dunia. Waliijua disko, na baadhi yao walijifunza kucheza breki kwa kuiga waliotoka mjini. Walichokosa ni picha. Pengine hilo liliwapa nafuu muziki wa nyumbani, kwa kuwa kwenye redio Kakai na Michael Jackson walikuwa sawa: kila mmoja alikuwa sauti tu, na msikilizaji alimchagua aliyemgusa.

Serikali nayo iliingia katika mvutano huo. Mwaka wa 1980 VoK iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki inaocheza uwe wa Kenya. Malalamiko yalizuka upesi na agizo hilo halikudumu. Mwaka wa 1982 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya muziki chini ya Washington Omondi, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka wa 1984. Wakati wakubwa wakijadiliana ni kiasi gani cha muziki wa nyumbani Wakenya walazimishwe kusikiliza, Kakai alikuwa tayari anasikilizwa bila agizo la mtu.

MIAKA YA KIANGAZI

Haikuwa miaka ya raha. Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali na kukiteka kituo cha VoK, na kwa saa kadhaa redio ile iliyoleta nyimbo ikawa chombo cha hofu. Mwaka wa 1984 mvua ilikosekana. Kitui na Makueni ziliathirika vibaya, mifugo ikafa, na familia zikapanga foleni kupokea mahindi ya manjano yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Wengi waliokuwa watoto wakati huo hawajaisahau ladha yake.

Mwaka uliofuata, wasanii wakubwa wa Marekani, akiwemo Michael Jackson, walitoa wimbo wa We Are the World ili kuchangisha fedha za kuwasaidia walioathiriwa na njaa Afrika, hasa Ethiopia. Ulikuwa wimbo wa kuwahurumia wenye njaa. Nyimbo za Kakai zilikuwa za wenye njaa wenyewe, na ndani yake watu hao waliendelea kuoa, kugombana na wakwe, kudaiwa na kucheza dansi. Ukambani ulihitaji mahindi hayo, na hakuna aliyeyadharau. Lakini ulihitaji pia kusikia kwamba maisha yake hayakuwa kiangazi peke yake, na habari hiyo ililetwa na watu kama Kakai.

KAZI NA UJIRA

Kipindi cha mafanikio yake ndicho pia kilichoanza kuuangusha uti wa mgongo wa biashara ya muziki nchini. Hadi mwishoni mwa miaka ya sabini, Nairobi ilikuwa kitovu cha santuri Afrika Mashariki. Kisha ikaja kaseti. Ilikuwa rahisi, haikukwaruzika kama santuri, na mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kuinakili.

Kufikia katikati ya miaka ya themanini, kaseti za magendo zilikuwa zikiuzwa waziwazi katika vibanda vya mijini. Kadiri mwanamuziki alivyopendwa, ndivyo alivyoibwa. Chama cha Hakimiliki ya Muziki cha Kenya (MCSK) kiliundwa mwaka wa 1983, lakini sheria ya hakimiliki ya wakati huo, ya mwaka wa 1966, haikuwa na meno ya kutosha. Sheria mpya ilipitishwa mwaka wa 2001, miaka 14 baada ya Kakai kuzikwa.

Hivyo kaseti iliyomfikisha Kakai katika kila nyumba ndiyo hiyohiyo iliyowanyima wanamuziki wa kizazi chake ujira wao. Mkulima wa Tawa au mchuuzi wa Mwingi aliyenunua nakala ya magendo hakudhani kwamba anamwibia mtu. Alidhani anamuenzi msanii anayempenda. Deni hilo halijalipwa, na wengi wa waliostahili kulipwa hawapo tena.

ALICHOACHA

Kakai alipofariki, VoK ilikuwa bado haijabadilishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), jambo lililofanyika mwaka wa 1989. KTN, runinga ya pili nchini, ilianza mwaka wa 1990, na kwayo picha za muziki wa ng'ambo ziliingia katika nyumba nyingi zaidi. Kakai aliondoka mlangoni mwa enzi hiyo. Alikuwa amejenga jina lake lote kwa sikio.

Nyimbo zake zilivuka bahari. Baadhi zilikusanywa na kutolewa upya kwenye diski nchini Ujerumani, zikanunuliwa na wapenzi wa gitaa wasiojua neno la Kikamba wala la Kiswahili. Nyumbani, redio za Kikamba kama vile Musyi FM zilipoanza kurusha matangazo, kizazi kipya kilimsikia Kakai kama alivyosikiwa na wazazi wake, asubuhi na mapema, kabla ya taarifa ya habari.

Wanamuziki waliofuata walipita njia aliyoisafisha. Ken wa Maria, mwanamuziki wa Ukambani, alipovuma nchi nzima kwa wimbo wa Fundamentals, wengi waliuona kuwa ajabu mpya: Mkamba mwenye benga ya nyumbani akichezwa na watu wa makabila yote. Wazee wa Wote na Kitui mjini hawakushangaa. Walikuwa wameliona jambo hilo zaidi ya miaka 25 kabla, lilipofanywa bila picha, kwa santuri ndogo yenye pande mbili.

Leo mtoto wa Mutomo ana simu inayomletea picha za muziki wa dunia nzima kwa sekunde chache. Anaweza kumtazama Michael Jackson akicheza, jambo ambalo babake aliliota tu. Kwenye simu hiyohiyo anaweza kumtafuta Kakai Kilonzo, na mara nyingi atakachopata ni picha moja isiyosogea, jalada kuukuu la santuri, na magitaa mawili yakifukuzana nyuma yake. Wakati wa Desemba, jamaa wanaporudi kutoka mijini na boma kujaa watu, magitaa hayo bado huwainua wazee vitini.